Radi ya kutumwa

Mmeuliza kama imani ya dini inapingana na sheria za maumbile. Mimi linaloniuma ni jirani yake: watu wasipozijua sheria hizo, nani huumia? Mara nyingi ni kikongwe asiye na mtetezi.

Mtoto wa ndugu yangu alipigwa na radi chini ya mti, yeye na ng'ombe aliokuwa akiwachunga. Mwenzake aliyesimama kando kidogo alinusurika. Msibani, hata maiti haijazikwa, jina la bibi mmoja jirani lilishaanza kunong'onwa. Eti radi ile ilitumwa. Kama haikutumwa, mbona ilichagua? Mwalimu mmoja wa fizikia akachukua kijiti, akachora mchangani mti na duara kuuzunguka. Umeme ukishapiga mti, alisema, husambaa ardhini, na nguvu yake hupungua kadiri unavyoliacha shina. Kwa hiyo mguu ulio karibu na shina na ule ulio mbali haupati nguvu sawa, na tofauti hiyo ndiyo inayopitisha umeme mwilini. Ng'ombe miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana sana, na kati yake uko moyo. Ndiyo maana hufa wengi kwa mpigo mmoja. Kila neno lilikuwa kweli. Vijana walimsikiliza kwa adabu, wakamaliza, wakarudi kumnyooshea kidole yule bibi.

Aliyewanyamazisha ni sheikh. Habari za umeme hakuzigusa. Alisoma aya ya 12 ya Suratul Hujurat, inayowaamuru waumini wajiepushe na dhana, kisha akauliza nani yuko tayari kuapa kwamba alimwona bibi akituma radi. Kimya. Jioni ile bibi alikuja kutoa pole, akaketi ubavuni mwa mama wa marehemu.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema dini ikae pembeni. Sasa siwezi. Lakini siipi ushindi wote: huko Ulaya, katika karne ya 18, kengele za makanisa zilipigwa ili kufukuza radi, na wapigaji wakafia minarani, hata baada ya jaribio la mwaka 1752 kuthibitisha alivyodai mwanasayansi Benjamin Franklin, kwamba radi ni umeme.

Basi jibu langu: hazipingani, ila kwa masharti. Sheikh yule alikuwa na elimu na ujasiri. Wapo wanaotaja wachawi mimbarani, na mbele ya mmoja wao bibi yule asingesalimika.