Kufunga mashine, betri na vyombo kwenye boti mpya ya uvuvi: anza hapa kabla hujatoboa

Tuchukue boti ya faiba ya mita 8, mashine moja ya HP 40 ya tusitroki, taa za kuvulia dagaa, redio, GPS na fishifainda (kifaa cha kuonyesha samaki na kina). Boti za namna hii zikileta shida, mara nyingi mashine ni nzima na betri ni nzima. Kilichokosewa ni ufungaji. Nahodha atakuambia betri ni feki. Fuata waya, utakuta kiungo kilichoviringishiwa seloteepu, na ndani shaba imegeuka kijani.

Anzia tezi, yaani nyuma ya boti panapofungwa mashine. Kabla ya kununua mashine, pima ubao wa tezi kutoka ukingo wa juu hadi chini ya boti. Sentimita 38 inataka shafti fupi, 51 shafti ndefu. Mashine ikishakaa, lile bamba pana lililo juu ya propela liwe sawa na chini ya mkuku (uti wa chini wa boti) au lishuke kwa sentimita 2 hivi. Likipanda sana, propela inavuta hewa: mashine inanguruma na boti haisogei, hasa ukikata kona kwenye mawimbi. Likizama sana, unakokota maji na kuunguza petroli bure. Skrubu za kukaza kwa mkono hazitoshi. Pitisha bolti za chuma cha pua zenye washa pana, na kila tundu lijaze gundi ya baharini kabla bolti haijaingia. Ubao ulio ndani ya faiba ukinywa maji unaoza huku nje bado unang'aa, na siku ya bahari chafu mashine inaondoka na tezi.

Oili ya mashine mpya ifuate kitabu chake. Kwa nyingi za kuchanganya oili na petroli, saa 10 za mwanzo ni 25 kwa 1, yaani lita 1 ya oili kwa tangi la lita 25. Baada ya hapo ni nusu lita.

Sasa betri, na hapa shika kalamu kwanza. Taa 2 za LED za wati 50 kila moja, kwa volti 12, zinakula ampea 8 na kidogo. Kwa saa 10 ni Ah 83 (Ah ni ampea mara saa). Fishifainda ya ampea 1 ni Ah 10, taa za njia Ah 10, redio ikisikiliza tu Ah 5. Jumla Ah 108. Betri ya risasi ukiishusha chini ya nusu kila usiku haimalizi msimu, kwa hiyo unahitaji Ah 216: nunua mbili za Ah 120, za aina moja na siku moja. Ukiziunganisha sambamba, chanya ya boti itoke kwenye betri ya kwanza na hasi itoke kwenye ya pili, ili zichoke pamoja. Betri iliyopumzika saa chache ikisoma volti 12.2 imebaki nusu, 12.6 na zaidi imejaa. Kama mashine ina stata (inawashwa kwa umeme), ipe betri yake peke yake, taa zisiiguse kabisa.

Usitegemee mashine ijaze hizo betri, kwa sababu koili ya mashine ndogo hutoa ampea chache tu. Kurudisha Ah 108 kwa saa 5 za jua kali kunataka sola ya wati 350 hivi, ukihesabu na upotevu. Weka paneli 2 za wati 200 na chaja kontrola ya ampea 40.

Nyaya ndizo zinazotaka subira kuliko vyote. Waya wa nyumbani usiingie botini. Tafuta waya wa nyuzi nyingi uliopakwa bati. Tuseme taa ziko mita 6 kutoka kwenye betri: umeme unakwenda na kurudi mita 12. Kwa ampea 10, waya wa milimita za mraba 2.5 unapoteza karibu volti 0.8, taa inafifia na fishifainda inajizima. Waya wa milimita za mraba 6 unapoteza 0.35 tu. Kiungo kifanye hivi: menya waya, hakikisha shaba inang'aa, ingiza kwenye lagi (kichwa cha chuma cha waya) ya kipimo chake, bana kwa koleo la kubania (si plaisi), kisha vuta kwa nguvu. Ukichomoka, afadhali uchomokee mkononi mwako. Halafu vika mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani na uupashe moto mpaka gundi ichungulie pande zote mbili.

Fyuzi kuu iwe karibu na chanya ya betri, isizidi shubiri moja, kwa sababu waya wote ulio kabla ya fyuzi hauna mlinzi. Betri ziwe ndani ya kisanduku kilichofungwa kwa mikanda, chenye tundu la hewa, mbali na tangi la petroli. Pampu ya ngama (maji yanayokusanyika chini ya boti) ichukue umeme kabla ya swichi kuu, na fyuzi yake, ili boti ikiachwa nangani bado ijitoe maji.

Kichwa cha fishifainda, kile kinachokaa majini, kiweke kulia ukitazama omo (mbele ya boti), kama propela ukiitazama kutoka nyuma inazunguka kama saa: panga zinashuka upande huo na povu ni kidogo. Kiwe angalau sentimita 38 kutoka kwenye propela. Kebo yake isifungwe pamoja na waya za mashine, la sivyo skrini inajaa michirizi. Redio ya VHF usiibonyeze kuongea kabla antena haijaunganishwa, utaiua. Antena ya mita 4 juu ya maji inafikia boti yenye antena kama hiyo kwa maili 9 hivi za baharini, na chaneli 16 iachwe wazi muda wote.

Baada ya saa 10 za kwanza, kaza upya bolti za tezi na vichwa vya betri. Kagua na oili ya gia: ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na boti isitoke mpaka sili zibadilishwe.