Maswali na Majibu: Chipu za Kunasa Seli za Saratani Kwenye Damu

Swali: Mama anameza kwa shida na daktari anataka kuchukua kinyama kwenye umio. Je, hakuna chipu ya damu inayoweza kunasa seli za saratani bila kumwingizia mpira kooni? (Msomaji, Moshi)

Jibu: Hakuna inayoweza kuchukua nafasi ya kinyama, na ninakusihi usimcheleweshe mama. Chipu hizi, yaani vifaa vidogo vyenye mifereji myembamba ya kupitisha damu, hunasa seli zilizobanduka kwenye uvimbe na kuingia katika damu, nazo ni chache mno: katika mililita moja huenda zikawa chini ya kumi, zimezama kati ya chembe nyekundu zipatazo bilioni 5 na chembe nyeupe mamilioni. Uvimbe unaweza kuwapo bila seli hata moja kuonekana kwenye kichupa. Kinyama ndicho kinachomwonyesha mtaalamu wa patholojia ni saratani ya aina gani, au kwamba si saratani kabisa. Katika ukanda wetu saratani ya umio si ugonjwa mgeni, kwa hiyo wiki inayopotea katika kutafuta kipimo kisichoumiza ni hasara kwa mgonjwa.

Swali: Mimi ni mzima. Naweza kupimwa kwa chipu hiyo kila mwaka? (Msomaji, Arusha)

Jibu: Swali hili linarudi kila mara na jibu halijabadilika: hapana. Kifaa cha CellSearch, kinachohesabu seli hizi kwenye damu na kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2004, kiliidhinishwa kwa wagonjwa ambao saratani yao ya matiti imekwisha kusambaa, si kwa kusaka ugonjwa kwa wenye afya. Anayekuuzia kipimo kimoja cha damu cha “saratani zote” anakuibia. Mwanamke anayetaka kuchunguzwa aanze na mlango wa kizazi, unaopimwa kwa siki.

Swali: Tumepaka kingamwili (protini ya kunasia) dhidi ya EpCAM, alama iliyo juu ya seli nyingi za saratani, kwenye kuta za mfereji wa chipu, lakini seli nyingi tulizochanganya na damu zinapita tu. Kosa liko wapi? (Mwanafunzi wa maabara, Arusha)

Jibu: Hukutaja kasi ya mtiririko, vipimo vya mfereji, wala namna mlivyoifunga kingamwili. Wanafunzi, yaandikeni mambo haya kabla ya kuuliza.

Ninashuku kasi kwanza. Katika mfereji mwembamba namna hii damu hutembea kwa matabaka yasiyochanganyika, hivyo seli iliyo katikati inaweza kufika mwisho bila kugusa ukuta. Ndiyo maana chipu iliyotangazwa mwaka 2007 na watafiti wa Massachusetts General Hospital ilijazwa nguzo ndogo 78,000, na damu ikapitishwa polepole, takriban mililita moja au mbili kwa saa. Kisha mwaka 2010 wakaleta mifereji yenye matuta ya mshazari yanayoizungusha damu ili seli zigusane na kuta. Mkiongeza kasi mnapoteza mara mbili, kwani seli hukosa muda wa kushikana na kingamwili, na zile zilizokwisha kushikwa hung’olewa na msuguano wa mtiririko.

Kingamwili nayo ifungwe kwa kemia madhubuti, kama avidini na biotini, molekuli mbili zinazoshikana kwa nguvu, kwa maana ikiachwa ijilalie yenyewe kwenye kioo inaweza kuoshwa au kuelekea upande usiofaa. Viputo vya hewa viondoeni kabla ya damu kuingia. Tena msihesabu kila kilichonata, kwa sababu chembe nyeupe hunata pia: seli ya saratani iwe na kiini, ionyeshe sitokeratini (protini ya seli za epitheli, zile zinazofunika ngozi na kuta za viungo), na isiwe na CD45, ambayo ni alama ya chembe nyeupe.

Swali: Chipu hiyo inafaa kwa sakoma ya Kaposi? (Msomaji, Tengeru)

Jibu: Haifai. EpCAM ni alama ya seli za epitheli, na sakoma hii, inayotokana na seli za kuta za mishipa ya damu au ya limfu, haina. Hata seli za saratani ya matiti zinaweza kuipunguza alama hiyo zinapojibadilisha ili zisafiri, zikapita bila kunaswa.

Swali: Dada yangu anatibiwa nje ya nchi saratani ya matiti iliyosambaa. Majibu yake ni seli sifuri. Amepona? (Msomaji, Kibosho)

Jibu: Ni habari njema, lakini si kupona. Wagonjwa wa aina yake wenye seli 5 au zaidi katika mililita 7.5 za damu huwa na matarajio mabaya kuliko wenye pungufu. Hesabu hiyo husaidia kukadiria mwenendo wa ugonjwa, lakini haiwi mwongozo wa kutosha wa tiba. Utafiti wa Marekani uitwao S0500, uliochapishwa mwaka 2014, uliwabadilishia dawa mapema wagonjwa ambao hesabu yao haikushuka, na hatua hiyo haikurefusha maisha yao. Dada asikatize dawa kwa sababu ya sifuri. Akirudi, aje na ripoti ya kinyama chake pamoja na majibu ya vipokezi vya homoni na HER2, alama za uvimbe zinazosaidia kuchagua dawa, kwa kuwa daktari atakayempokea ataihitaji ripoti hiyo kuliko idadi ya seli.