Tabo ya gari ya kila siku: poza kwanza, nguvu baadaye

Wadau wa Toyota Surf na Prado, nawaandikia hii maana huku Kigoma naona watu wanaingia mkenge ule ule niliouingia mimi, wa kuongeza nguvu ya tabo kabla ya kupoza injini, na inaniuma kweli. Gari yangu ni Surf yenye 1KZ-TE, ile dizeli ya lita 3 silinda nne yenye tabo (kile kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), natembelea nayo kila siku Mwanga mpaka Mwandiga na mara mbili kwa wiki napandisha saruji na dagaa Manyovu halafu nashuka na maharage, kwa hiyo ikilala na sisi nyumbani tunalala vibaya.

Ilikuwa nzima kabisa. Fundi mmoja akaniambia braza hii tuiongezee bust kidogo, yaani presha ya hewa ya tabo, utaona inavyovuta, akachezea mpira wa westigeti (ile valvu inayozuia presha ya tabo isizidi), akaizungusha na pampu ya dizeli kidogo, na kweli siku ile niliipenda sana. Wiki ya tatu nikiwa kwenye mlima na mzigo nikasikia harufu tamu tamu ya kulanti, ile dawa ya kupoza injini, ndani ya gari, naangalia mshale wa temprecha upo katikati kama siku zote, nikaendelea kukanyaga. Ndio kosa. Mshale wa Toyota za namna hii umetengenezwa utulie pale katikati kwa joto tofauti tofauti, ukianza kupanda ujue muda umeshaisha. Nilipokuja kupaki na kusubiri ipoe nikafungua mfuniko wa rejeta kwa kitambaa, nikajaza maji, nikawasha, maji yakaanza kutoa mapovu moja moja halafu mfululizo kama sufuria ya chai. Hedi, ile sehemu ya juu inayofunika silinda, ilikuwa imepasuka katikati ya valvu.

Sasa kwa nini. 1KZ ina hedi ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma, aluminiamu ikipata joto inatanuka zaidi ya chuma, kwa hiyo ikichemka mara moja tu inaweza kupinda au kupasuka. Na kwenye dizeli hewa ya ziada peke yake sio adui, kinachoua ni mafuta mengi kuliko hewa iliyopo, ukiona moshi mweusi nyuma jua joto la ekzosi limepanda, na ukizungusha pampu ichome mapema silinda nazo zinabeba mzigo mwingine. Mimi nilifanya hayo yote juu ya rejeta iliyoziba nusu na feni klachi (ile inayoishika feni izunguke na injini ikipata moto) iliyochoka. Simlaumu fundi peke yake, mimi ndio nilitaka nguvu bila kuuliza gari inapoaje.

Kama ndio unachagua injini, swali la kwanza liwe spea zake zinapatikana mjini kwako na fundi wako ameshaifungua mara ngapi, mbio baadaye. 1HZ, ile dizeli ya Land Cruiser ya lita 4.2, haina tabo kutoka kiwandani, hedi yake ni chuma, ni mvumilivu sana, ila watu wanaifunga tabo na kuipandisha wanavyotaka. Ukiifunga usivuke psi 7 au 8 za presha ya tabo na weka geji ya joto la ekzosi, mimi mwenyewe nisingekubali ipite nyuzi 650 kwenye mlima mrefu. 1KD, ile dizeli ya Toyota yenye nembo ya D-4D, ni tamu na inakula mafuta kidogo, lakini ni komoni reli, yaani inapuliza dizeli kwa presha kubwa sana, nozo zake hazitaki dizeli ya madumu yenye maji na uchafu, kwa hiyo kama unajaza mafuta popote unapoyakuta vijijini fikiria mara mbili. Kwa kazi zangu mimi bado nabaki na 1KZ, ila iliyopozwa vizuri.

Ukienda kununua injini ya mtumba nenda asubuhi ukute ni ya baridi, usikubali muuzaji awe ameshaipasha. Fungua kifuniko cha oili ikiwa inanguruma, ikikupulizia moshi kama bomba achana nayo. Halafu toa paipu ya hewa mbele ya tabo, shika ile shafti kwa vidole, ikicheza kidogo kushoto kulia ni kawaida maana inaelea kwenye oili, ila ukiivuta na kuisukuma ikagonga, tabo imekwisha. Angalia na mapanga yake kama yameliwa kwenye ncha. Hilo ni vumbi la eya klina mbovu, na wote tunajua vumbi la huku kiangazi.

Baada ya kubadili hedi nilianza na rejeta mpya, mfuniko mpya wa rejeta (kitu kidogo ila ndio kinashika presha, na kwa mwinuko wa mita kama 1,200 pale Tabora maji bila presha yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi), kulanti badala ya maji ya kisima, feni klachi, halafu geji ya joto ya pembeni yenye kengele. Baadaye ndio nikaongeza intakula, ile rejeta ya kupoza hewa, maana yangu haikuja nayo, na paipu pana ya ekzosi. Pampu na westigeti nikarudisha kama kiwandani. Jamani inavuta vizuri kuliko ile siku ya bust! Oili 15W-40 namwaga kila kilomita 5,000 sitaki mjadala, tabo inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika na kinachoishika ni oili tu, ndio maana nikimaliza mlima naiacha ikae silensa, yaani ingurume bila kukanyaga mafuta, dakika mbili kabla sijazima.

Na kabla ya kupanda, injini ikiwa moto na umeshaizima, sukuma feni kwa mkono. Ikizunguka yenyewe kama pangaboi usipande na mzigo siku hiyo, badilisha klachi kwanza.