Kuingiza mashine nzito kwenye karakana ya nyumbani

Wewe uliyenunua mashine ya kukereza chuma kwa mara ya kwanza, kazi yako kubwa siku ya kuihamisha ni kuhakikisha haipinduki. Kusogeza tani moja kwenye sakafu tambarare ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mashine hizi huumiza watu kwa sababu uzito wake mwingi uko juu, na chini zina msingi mwembamba.

Anza kwa kuisoma mashine yenyewe. Upande wa kichwa, penye gia na ekseli kuu, ndio mzito. Ukifunga mkanda katikati kabisa ya kitanda, yaani ule mwili mrefu wa chuma unaobeba sehemu nyingine, na kuinua, kichwa kitashuka. Sogeza sehemu inayobeba kisu pamoja na mkia, ile sehemu inayoshikilia ncha ya pili ya chuma kinachokerezwa, hadi mwisho wa pili wa kitanda, uzikaze, kisha tafuta mahali pa kufunga karibu na kichwa. Inua kidogo tu, mashine iache sakafu kwa upana wa kidole, uone inalalia upande gani. Ikiinama, ishushe ufunge upya. Mkanda upite chini ya kitanda. Usiuache uegemee ile skrubu ndefu ya mbele wala fimbo iliyo sambamba nayo, maana zikipinda umeharibu mashine kabla hujaiwasha.

Ukiazima winchi ya kunyanyulia injini za magari, soma maandishi yaliyo kwenye mkono wake. Kadiri unavyourefusha, ndivyo uwezo wake unavyopungua, tena sana.

Ndani ya nyumba mimi napenda kuiviringisha mashine juu ya mabomba ya chuma kuliko kutumia kifaa kingine chochote. Funga mashine kwa bolti juu ya mbao mbili nene, ndefu kuliko msingi wake. Inua upande mmoja kwa mtaimbo, mwenzako asukumie kipande cha mbao chini, kisha inua tena, weka kipande kingine. Hapo ndipo watu huwa na haraka, na hapo ndipo vidole huponzeka. Kipande kisukumwe kwa fimbo, mkono usiingie chini ya mashine hata kidogo. Kila unachokiinua kiwe kimeshawekewa mbao, ili mtaimbo ukiteleza mashine ishuke sentimita moja tu. Mabomba yakishaingia, watu wawili wataisukuma polepole. Kukata kona, gonga bomba la mbele kwa nyundo likae mshazari, mashine itafuata.

Penye mteremko sheria hubadilika. Mashine iliyo juu ya mabomba haina breki, kwa hiyo ishikwe kwa winchi ya kuvutia iliyofungwa upande wa juu, na asikae mtu yeyote upande wa chini. Hata kama mteremko unaonekana mdogo.

Kabla ya siku yenyewe, pima mlango, pima kona, na uulize injini inataka umeme wa fezi ngapi. Nyingi za viwandani ni za fezi 3, na nyumba nyingi zina fezi moja.

Ikishafika mahali pake, isawazishe kwa pimamaji nyeti ya mafundi mitambo. Ile ya waashi haitoshi. Kitanda kikijinyonga hata kidogo, chuma unachokereza kitatoka kinene upande mmoja. Rudia kupima baada ya wiki chache, kwa kuwa miguu huendelea kujikalia.