Jibu: Vyungu vya sanaa vyenye mikunjo ya mbuyu vinapasuka, tatizo liko wapi?

Mkuu, umesema uko Dodoma, udongo umechota mbugani, vyungu vinapasuka vikiwa kivulini na vilivyobaki vinalipuka motoni. Halafu unataka chungu kionyeshe "hali ya moyoni". Tuanze na udongo kwanza.

Ule mweusi wa mbuga huvimba sana ukilowa na kusinyaa sana ukikauka. Usiutumie peke yake. Tengeneza kipande bapa, chora mstari wa sm 10, kikauke kabisa, pima tena. Mstari ukibaki sm 9.3 endelea. Ukishuka chini ya 9, ongeza chenga: vigae vilivyokwisha kuchomwa, utwange na kuchekecha. Anza na kopo moja la chenga kwa manne ya udongo. Hupunguza kusinyaa na kuupa mvuke njia ya kutokea.

Dondoshea pia ndimu au siki kwenye udongo mkavu. Ukitoa povu, una chokaa. Vijiwe vyake vikichomwa hunyonya unyevu wa hewa baadaye, vikavimba na kumegua chungu, pengine umeshakiuza. Loweka udongo, uchuje.

Sasa mikunjo, ile inayofanana na shina la mbuyu. Wengi hubandika vipande juu ya ukuta ulioanza kukauka. Kibichi kinasinyaa, kikavu hakisogei, kinabanduka. Wewe sukuma kutoka ndani. Finyanga ukuta wa mm 10 hadi 12, uache ujishike lakini ukubali kubonyea. Ingiza mkono kabla hujabana mdomo wa chungu, sukuma kwa kidole gumba toka kitakoni kwenda juu, kiganja cha pili kikipokea nje. Kisha kandamiza mabonde kwa ubavu wa kijiti. Mkunjo wa namna hii unaonekana umeota. Wa kubandika unaonekana umevalishwa. Kwa maoni yangu hiyo hali ya moyoni unayoitafuta iko hapa, si kwenye kuchora nyuso zenye machozi. Mdomo nao unasema: ukiubana kipite kidole kimoja, mtu atainama achungulie.

Kukausha: upepo wetu wa kiangazi hukausha upande mmoja na kuuacha mwingine mbichi. Funika nailoni, geuza kila siku, mdomo uuzungushie kitambaa chenye unyevu kwa sababu ndio hutangulia kukauka. Chini weka gazeti ili kitako kiteleze kinaposinyaa.

Kinacholipua chungu si hewa kama wengi wanavyosema, ni maji yaliyobaki yanapogeuka mvuke ghafla. Vipange kuzunguka moto mdogo, uvigeuze kwa saa kadhaa. Shikilia kioo baridi juu ya mdomo. Kikiingia ukungu, bado. Ndipo upange kuni na samadi kavu, moto ukue polepole hadi vyungu viwe vyekundu vyenyewe. Ukitaka vyeusi, wakati huo huo vifunike kwa samadi iliyosagika na majivu, moshi usipate pa kutokea. Usifukue hadi kesho yake: karibu nyuzi 573 mchanga ulio ndani ya udongo hubadilika ukubwa ghafla, na upepo ukikipiga chungu hapo utasikia "ta!"

Mteja akitaka kuweka maua yenye maji, atie kopo ndani. Chungu cha moto huu huvuja.