Tumekubaliana Kuachana: Je, Wakili Anahitajika?

SWALI: Ndugu Mwanasheria, salaam. Mimi na mume wangu tumeishi katika ndoa kwa miaka 12 na tuna watoto wawili. Baada ya mazungumzo marefu, tukiwashirikisha wazee wa pande zote mbili, tumekubaliana kuachana kwa amani. Mume wangu anasema ni kupoteza fedha kumlipa wakili katika jambo lisilo na mabishano. Yeye atajaza fomu za mahakama, mimi nitie sahihi tu. Nyumba tunayoishi ina mkopo wa benki ulioandikwa kwa majina yetu sote. Atabaki nayo na ataendelea kuulipa. Je, talaka ya namna hii huendeshwaje, na ni kweli kwamba wakili hahitajiki?
Mama wa Wawili

JIBU: Dada yangu, neno dogo katika barua yako ndilo lililonifanya niisome mara mbili, nalo ni lile «tu» linalofuata sahihi yako. Simtuhumu mumeo kwa hila yoyote. Huenda naye anaamini kwa moyo safi kwamba kazi iliyobaki ni ya karatasi. Lakini kukubaliana kuachana ni jambo moja, na kukubaliana masharti ya kuachana ni jambo jingine. Shauri la talaka huhesabiwa kuwa halina mabishano pale tu wanandoa wanapokuwa na kauli moja kuhusu kuvunjwa kwa ndoa, mgawanyo wa mali pamoja na madeni, na malezi na matunzo ya watoto. Barua yako inaonyesha kwamba la kwanza mmelimaliza, la pili mmeligusa juu juu, na la tatu hukulitaja kabisa.

Mwenendo wenyewe si mgumu. (Nazungumzia talaka ya mahakamani, ndoa inayovunjwa kwa taratibu za kidini ina njia yake.) Mmoja wenu, au nyote wawili kwa pamoja pale sheria inaporuhusu, hufungua maombi mahakamani na kuambatanisha cheti cha ndoa. Akifungua mmoja, mwenzake hupelekewa nakala kwa njia inayotambuliwa na mahakama, hata kama mnalala chini ya paa moja, kisha hujibu kwa maandishi kwamba amezipokea na hapingi. Mnawasilisha hati ya makubaliano, mnangoja muda uliowekwa, na hakimu au jaji huipitia kabla ya kutoa amri ya talaka. Asidhani mtu kwamba hapo ni kugonga muhuri. Makubaliano yanayowaacha watoto bila matunzo ya kutosha yanaweza kurudishwa, hata kama wazazi wote wawili wametia sahihi.

Muda wa kungoja hutofautiana sana. Uingereza na Wales, tangu tarehe 6 Aprili 2022, wanandoa wanaweza kuomba talaka kwa pamoja bila kulaumiana, lakini ni lazima zipite wiki 20 kabla ya amri ya awali na wiki nyingine 6 kabla ya amri ya mwisho. Katika jimbo la California, ndoa haiwezi kukoma kabla ya miezi 6 tangu mwenzi alipopelekewa hati. Ujerumani kwa kawaida hutaka wanandoa wawe wametengana mwaka mzima. Tanzania nayo, chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kwa kawaida hutaka mgogoro upite kwanza kwenye baraza la usuluhishi, na mahakama iridhike kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutoweza kurekebishika. Kauli ya wenyewe kwamba wamechokana haitoshi.

Sasa, wakili. Kauli ya mumeo inaweza kuwa sahihi au makosa kutegemea nchi. Uingereza haikulazimishi kuwa naye. Ujerumani anayefungua maombi lazima awe na wakili, ilhali mwenzake anayekubali tu anaweza kwenda bila wakili. Ufaransa, tangu Januari 2017, wanandoa waliokubaliana kwa kawaida hawalazimiki kumwona jaji, ila kila mmoja lazima awe na wakili wake mwenyewe, na rasimu ya makubaliano hukaa mikononi mwao siku 15 kabla ya kutiwa sahihi. Mpangilio huo wa Wafaransa unanipendeza, kwa sababu unatambua kwamba hatari ya talaka ya amani haipo kwenye maombi bali kwenye ile hati ya makubaliano. Kwa hiyo kaulize kwanza katika masjala ya mahakama ya kwenu kama sheria inalazimisha. Lakini hata isipolazimisha, swali lako halijaisha.

Tuitazame nyumba. Mnaposema kwamba mumeo ataendelea kulipa mkopo, ninyi wawili mmeahidiana, lakini benki haimo katika ahadi hiyo. Jina lako likibaki kwenye mkataba wa mkopo, naye akafukuzwa kazi, akaugua au akaacha kulipa, benki itakudai wewe ukiwa na amri ya talaka mkononi, na makubaliano yenu hayatakuwa ngao mbele yake. Utabaki na haki ya kumdai mumeo fidia, haki ambayo thamani yake ni sawa na uwezo wake wa kulipa siku hiyo. Tena, ukitaka mkopo wa makazi yako mapya, deni lile la zamani linaweza kuhesabiwa kuwa lako. Njia salama ni benki ikubali kwa maandishi kukutoa katika deni, au mumeo achukue mkopo mpya kwa jina lake peke yake, au nyumba iuzwe. Hati iseme tarehe ya mwisho ya kufanya hivyo, na iseme kwamba tarehe hiyo ikipita nyumba itauzwa. Usihamishe haki yako ya umiliki kabla hujatolewa katika deni. Ukifanya hivyo utabaki na mzigo bila mali.

Hukutaja pensheni, na si wewe peke yako. Watu hubishania makochi na vyombo vya jikoni, huku michango ya miaka 12 katika mfuko wa hifadhi haitajwi na mtu, ingawa wakati mwingine inakaribia thamani ya nyumba. Pale sheria inapoihesabu kuwa mali ya ndoa, iwekwe mezani pamoja na akiba, hisa za biashara na madeni ambayo mmoja alikopa bila mwenzake kujua.

Lipo pia kosa la kudhani kwamba amri ya talaka inafunga kila kitu. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilimruhusu mwanamke aliyetalikiwa mwaka 1992 kuendelea na dai la fedha dhidi ya aliyekuwa mumewe, ambaye utajiri wake aliupata miaka mingi baada ya kuachana, kwa kuwa hapakuonekana amri iliyofunga madai yao. Mambo ya watoto huweza kufunguliwa upya hali inapobadilika. Mgawanyo wa mali uliothibitishwa na mahakama kwa kawaida haufunguliwi kirahisi. Ndiyo maana, kama fedha ni chache, saa za wakili zitumie kwenye mali.

Kama mngekuwa na ndoa fupi, hamna watoto, hamna mali wala deni la pamoja, na kila mmoja ana kipato chake, ningekuambia ujaze fomu kwa makini uokoe fedha zako. Hali yako si hiyo. Hata hivyo, huhitaji kumwajiri wakili aendeshe shauri zima: unaweza kumlipa kwa saa mbili tatu aisome rasimu, akueleze unachokiacha, na kurekebisha vifungu vya nyumba na pensheni. Awe wakili wako. Yule anayelipwa na mumeo hawezi kukushauri wewe dhidi ya mteja wake, hata kama mnamwita «wakili wetu». Msuluhishi anaweza kuwahudumia wote wawili, ila kazi yake si kukuambia kama unapunjika. Na kama katika ndoa hii umewahi kumwogopa mumeo, au yeye ndiye pekee anayejua fedha ziko wapi, usitie sahihi chochote kabla ya kuonana na wakili.

SWALI: Mke wangu alipelekewa hati za talaka miezi miwili iliyopita na hajajibu. Je, kunyamaza kwake ni kukubali?
Msomaji

JIBU: Hapana, ndugu. Mahakama inaweza kusikiliza shauri upande mmoja ukithibitisha kwamba hati zilimfikia na muda wa kujibu umepita, lakini huo si mwafaka. Kwa kawaida utapewa kile tu ulichokiomba katika hati zile za mwanzo, tena baada ya kutoa ushahidi. Naye akija baadaye na sababu ya msingi, kwa mfano kwamba hati ziliachwa katika nyumba aliyokwisha kuhama, anaweza kuomba amri itenguliwe. Hakikisha kiapo cha aliyezipeleka kinataja mahali, tarehe na aliyezipokea.