Mkuu, usisaini huo mkataba wa Sandhills kabla hujasoma hapa

Wewe uliyeuliza kuhusu kukodi malisho Sandhills, jimbo la Nebraska huku Marekani, upande nyasi gani na gari la kusafirishia ng'ombe linapatikana wapi: nimekwama pale uliposema dalali amekushauri uwafungulie Mei kwenye uwanja mmoja wa malisho, uje kuwatoa Oktoba. Usithubutu. Nilipewa ushauri huohuo nami nikaufuata.

Hivyo vilima vya majani unavyoviona kwenye picha ni mchanga mtupu, matuta yaliyoenea takribani kilomita za mraba 50,000, na kinachoyashika yasihame ni mizizi. Juni nyasi zimejaa kila upande, unaona chakula hakiishi. Lakini ng'ombe anachagua, mkuu. Anaanza na Andropogon hallii, ile ndefu yenye kijani kinachoelekea buluu, kwa sababu ni tamu. Ikichipua anairudia, maana chipukizi ni laini zaidi. Nyasi imetumia akiba ya mizizini kuchipua, na kabla haijairudisha inakatwa tena. Nyasi nyingine ndefu, Calamovilfa longifolia, nayo hivyohivyo. Hizo mbili ni kati ya zile zenye vishina vinavyotambaa chini kwa chini na kuufunga mchanga. Zikidhoofika zinabaki nyasi fupi na magugu, na ukitazama kwa mbali bado ni kijani, unalala usingizi.

Pigo lenyewe lilianzia mbautini, pale ng'ombe wanaponyweshwa. Yule dalali wangu alisisitiza jiwe la chumvi likae palepale kwenye maji, chini ya tuta, ng'ombe wasihangaike. Wakashinda pale majira yote ya joto wakikanyaga. Baridi ilipoisha upepo ukaingia hapo, ukachimba shimo ubavuni mwa tuta, na kila ukivuma shimo linapanuka. Nikalipia seng'enge ya kulizungushia. Nikalipia nyasi kavu za kutandaza juu ya mchanga. Nikanunua marobota ya kulisha ng'ombe waliokosa pa kwenda, huku kodi ya uwanja nisioutumia ikidaiwa kama kawaida. Yeye kamisheni alishakula zamani. Nampigia, ananiambia ni ukame. Ukame gani huo ulioruka uzio ukaacha nyasi za jirani zimesimama?

Na kinachoniuma hasa ni kwamba mimi ni mtu wa Shinyanga, nimekulia kwenye ngitili, yale malisho ya kutengwa ya Wasukuma. Mvua zikianza unalifunga eneo, kiangazi nyasi zikishakomaa ndipo unalifungua. Nilimweleza hayo mapema kabisa, akanijibu ni mambo ya Afrika, huku hayahitajiki. Kumbe yule jirani, mzungu aliyezaliwa palepale, anafanya karibu yaleyale! Uwanja wake ulioliwa Juni na Julai mwaka huu, mwakani haugusi mpaka nyasi zitoe mbegu. Na ng'ombe anawahamisha nusu ya nyasi ikiwa bado imesimama, hata kama bado wanataka kula.

Kwa hiyo usilishe uwanja mmoja miezi ileile miaka miwili mfululizo. Mwambie mwenye ardhi maneno hayo yaandikwe kwenye mkataba, na kama hakuna uzio wa kugawa uwanja, aweke yeye au apunguze kodi uweke wewe. Akikataa yote mawili, tafuta kwingine. Jiwe la chumvi lipeleke mbali na maji, kule ambako ng'ombe hawapendi kwenda wenyewe. Huyo dalali wako anaitaka saini lini?